Lalamiko Dhidi ya Askari Lisiishie Kaunta

Hotuba kwa viongozi wa mitaa, wasaidizi wa kisheria na wakazi, Manzese, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wenyeviti wa serikali za mitaa na wajumbe, ndugu zangu wasaidizi wa kisheria, vijana wa bodaboda mliokubali kuacha vijiwe vyenu asubuhi hii, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliofika, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze kuhusu haki za raia mbele ya polisi. Somo hilo ni pana, na sehemu kubwa yake mmeshaisikia katika mikutano mingine. Kwa hiyo nimeamua kuutumia muda wangu wote kwa jambo moja ambalo wakazi wa jiji hili hawalitumii vya kutosha, nalo ni kupeleka lalamiko dhidi ya askari kwenye chombo kilicho nje ya Jeshi la Polisi.

Mnajua wenyewe mambo yanavyokwenda. Kijana anakamatwa usiku, anapigwa, anakaa mahabusu siku mbili, kisha ndugu wanachanga fedha anatoka. Akishafika nyumbani familia inashukuru kwamba yuko hai, na habari inaishia hapo. Wachache wenye moyo hurudi kituoni kulalamika, na huko anayewapokea ni mwenzake yule wanayemlalamikia, aliyekula naye chakula cha mchana siku hiyohiyo. Sisemi haya kuwadharau maofisa waadilifu, na wapo wengi. Nimewahi kuona mkuu wa kituo akimsimamisha askari wake mbele ya raia na kumtaka arudishe simu aliyoichukua. Ninachosema ni kwamba haki ya raia haiwezi kutegemea bahati ya kumkuta ofisa mwema yuko zamu.

Wenye umri wa kutosha mnakumbuka Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva teksi wa hapa Dar es Salaam, walikamatwa na polisi na baadaye wakauawa katika msitu wa Pande. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai kwamba waliouawa walikuwa majambazi waliokufa katika mapambano ya risasi. Kama jambo lile lingeachwa mikononi mwa waliolitolea taarifa ile, watu wanne wangezikwa na jina la ujambazi, na watoto wao wangekua nalo. Lakini ndugu walikataa kunyamaza, magazeti yalifuatilia, na Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Kipenka, ambayo ilibaini kuwa marehemu hawakuwa majambazi. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, ambako mwaka 2009 maofisa wa polisi walioshtakiwa waliachiwa huru, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wa maofisa wale. Ilichukua miaka kumi. Tazameni, hata hivyo, ni nini kilichofungua mlango: uchunguzi uliofanywa na watu wasiokuwa chini ya amri ya jeshi linalochunguzwa. Na kwa familia zile uchunguzi huo ulihitaji amri ya Rais, kitu ambacho mama wa Manzese ambaye mwanawe amevunjwa mkono hawezi kukipata.

Basi yeye aende wapi? Nchi yetu ina Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hii haikuanzishwa kwa hisani ya waziri yeyote. Imo ndani ya Katiba, Ibara ya 129, na sheria yake ni Sheria Namba 7 ya mwaka 2001. Ilichukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyokuwapo tangu miaka ya 1960, lakini ikapewa jukumu pana zaidi, kwa sababu inashughulikia ukiukwaji wa haki za binadamu pamoja na matumizi mabaya ya madaraka. Makao yake makuu yako Dodoma, na ina ofisi hapa Dar es Salaam, Zanzibar, Mwanza na Lindi. Kulalamika ni bure. Unaweza kuandika barua au kwenda mwenyewe ukaeleza kwa mdomo, na mtu mwingine anaweza kulalamika kwa niaba ya aliyeumizwa, jambo ambalo ni muhimu sana pale mhusika anapokuwa bado mahabusu, amelazwa au amefariki. Tume ina uwezo wa kumwita shahidi, wa kudai nyaraka, na hata wa kuanzisha uchunguzi bila kusubiri mtu alalamike.

Naomba niwape mfano wa kazi yake. Tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mkoani Iringa, polisi walipokuwa wakitawanya watu katika shughuli ya chama cha siasa. Tume ilikwenda, ikahoji watu, na mwezi uliofuata ikatoa taarifa iliyosema wazi kwamba polisi walikiuka haki za binadamu na misingi ya utawala bora. Haikung'ata maneno. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Siwaambii kwamba taarifa ya Tume ndiyo iliyomfunga askari yule, kwa kuwa mahakama huamua kwa ushahidi unaoletwa mbele yake. Nawaambia kwamba iko kumbukumbu ya chombo cha kikatiba kuhusu siku ile, ambayo haikuandikwa na polisi.

Wakati huohuo nisiwape matumaini ya uongo. Tume haimfungi mtu wala haimfukuzi askari kazi. Inachunguza na kutoa mapendekezo kwa mamlaka husika, na sheria inaitaka mamlaka hiyo itoe taarifa ya hatua ilizochukua ndani ya muda usiozidi miezi mitatu. Isipofanya hivyo, Tume inaweza kwenda mahakamani au kupendekeza mtu mwingine aende. Aidha, Tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mwanao akishtakiwa kwa wizi, Tume haitaingia kuamua kama aliiba au hakuiba, na ukiandika barua ndefu ya kueleza kwamba amebambikiwa kesi, utajibiwa kwamba shauri liko mahakamani. Andika kuhusu kipigo, kuhusu siku alizokaa mahabusu bila kufikishwa mahakamani na kuhusu fedha zilizodaiwa. Hayo hayako mbele ya hakimu kwa kuamuliwa, na ni hayo unayomlalamikia askari.

Sasa nije kwenye barua yenyewe, kwa sababu naamini malalamiko mengi yanafia kwenye karatasi kabla hayajafika kwa mchunguzi. Mama mmoja aliniletea barua aliyoiandika kwenye karatasi ya daftari la mwanawe. Ilijaa uchungu, na kila neno lake lilikuwa la kweli. Ilisema kwamba polisi wamempiga mwanawe kama mnyama bila kosa lolote, kwamba wao ni maskini hawana mtetezi, na kwamba anaiomba Serikali imwonee huruma. Haikuwa na tarehe. Haikutaja kituo, wala saa, wala idadi ya askari. Mchunguzi angeanzia wapi? Angemwita nani?

Tukakaa naye, tukaanza upya, na barua ya pili, ambayo tarehe yake na jina la kituo sivisomi hapa, ilikuwa na maneno ya namna hii: "Siku ya Jumanne, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, mwanangu mwenye umri wa miaka 19 alikamatwa kwenye kijiwe cha bodaboda na askari wanne waliofika kwa difenda. Wawili walivaa sare na wawili walivaa kiraia. Hawakumweleza kosa lake. Nilipofika kituoni saa nne usiku nilimkuta amekaa chini nyuma ya kaunta, jicho la kushoto limevimba, na shati lake la bluu lina damu kifuani. Askari wa zamu aliniambia nilete shilingi laki mbili ili atoke. Nilimweleza kwamba sina. Alitolewa siku ya Ijumaa mchana bila kufikishwa mahakamani." Baada ya hapo yakafuata majina ya vijana wawili waliokuwa kijiweni, jina la mjumbe aliyemsindikiza, na kile anachoomba.

Barua hiyo ni fupi kuliko ile ya kwanza, lakini ina mambo yasiyopungua saba ambayo mchunguzi anaweza kwenda kuyahakiki. Kitabu cha mahabusu kitaonyesha kijana aliingia lini na kutoka lini. Daftari la zamu litaonyesha nani alikuwa kaunta saa nne usiku. Gari la polisi lina namba, na safari zake huandikwa. Kutoka Jumanne usiku hadi Ijumaa mchana ni zaidi ya saa 24 ambazo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inazitaja, na hapo mzigo unahamia kwa polisi kueleza kwa nini. Hilo la fedha lina mlango wake pia: dhamana ya polisi haiuzwi, na mtu anayedaiwa fedha anaweza kuiarifu TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, ambayo haitozwi, bila kuliondoa lalamiko lake kwenye Tume.

Usijaze barua matusi, wala usiongeze chumvi. Ukisema askari walikuwa kumi na daftari likaonyesha wanne, hata ule ukweli wako mwingine utatiliwa shaka. Yale uliyoyaona mwenyewe yaandike kama uliyoyaona, na yale uliyoambiwa na mwanao yaandike kama uliyoambiwa. Kama hujui jina la askari, andika namba ya utumishi iliyo kwenye sare yake. Kama hukuiona, eleza urefu, kovu, lafudhi, jina la utani ambalo wenzake walimwita. Ikiwa huna hata hayo, andika siku, saa na kituo, kwa kuwa kumtambua askari ni kazi ya mchunguzi na si sharti la wewe kusikilizwa.

Barua ikiisha, toa nakala tatu. Moja iende Tume. Ya pili, yenye maneno ya "nakala kwa", inaweza kwenda kwa kamanda wa polisi wa mkoa, ili asije akasema hakuarifiwa. Ya tatu ubaki nayo, ikiwa na mhuri wa kupokelewa, tarehe na saini ya aliyepokea. Msiondoke ofisini bila mhuri huo, hata kama mtasubiri hadi saa tisa alasiri. Siku mtakayorudi kuulizia, mtaulizwa namba ya jalada, na mwenye mhuri na namba haambiwi kirahisi kwamba barua yake haionekani.

Kuna jambo linaloumiza kuliko yote katika mkondo huu, nalo ni fomu ya PF3. Mtu aliyejeruhiwa anatakiwa achukue fomu hiyo polisi ili daktari ajaze majeraha yake, na bila hiyo ushahidi wa kitabibu unakuwa dhaifu mahakamani. Kwa hiyo aliyepigwa na polisi anatakiwa aende kuomba kwa polisi karatasi ya kuthibitisha kwamba amepigwa na polisi. Naliona jambo hili kuwa ni dosari kubwa ya mfumo wetu, na sitachoka kulisema popote nitakapoalikwa. Hadi litakaporekebishwa, fanyeni hivi. Msiende kituo kilekile. Nendeni kingine, mkiongozana na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Ikiwa hali ya mgonjwa ni mbaya, pelekeni hospitali kwanza, fomu itafuata. Mkikataliwa fomu, andikeni ndani ya lalamiko kwamba mmekataliwa, saa ngapi na wapi. Na iwe mna fomu au hamna, pigeni picha za majeraha siku hiyohiyo katika mwanga wa kutosha, uso ukionekana walau katika picha moja, kisha mrudie baada ya siku mbili, maana michubuko hujitokeza vizuri zaidi baadaye. Nguo zenye damu msizifue. Cheti cha hospitali, risiti za dawa na kadi ya kliniki viwekwe pamoja katika bahasha moja.

Kama kijana ameshapandishwa kizimbani, siku ya kwanza kabisa amwambie hakimu kwamba amepigwa na aombe majeraha yake yaandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Vijana wengi hukaa kimya siku hiyo, ama kwa woga ama kwa kudhani wataeleza baadaye. Miezi sita ikipita, maelezo ya onyo, yaani yale aliyoandikishwa na polisi, yanatolewa kama ushahidi kwamba alikiri kwa hiari yake, naye anapinga, na swali la kwanza analoulizwa ni kwa nini hakulisema hilo mapema. Upande wa mashtaka ndio wenye wajibu wa kuthibitisha kwamba maelezo yalitolewa kwa hiari, lakini kumbukumbu ya siku ya kwanza humsaidia mshtakiwa kuliko hotuba yoyote ya wakili.

Ikiwa mtu amefia mikononi mwa polisi, na namwomba Mungu atuepushe, familia isikubali kuharakishwa kuzika. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inataka kifo cha namna hiyo kichunguzwe na koruna, yaani ofisa wa kisheria anayechunguza chanzo cha kifo, na ndugu wana kila sababu ya kuomba daktari wao awepo wakati mwili unafanyiwa uchunguzi. Hapo tafuteni mwanasheria mara moja. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, chama cha wanasheria wanawake (TAWLA) na mashirika mengine hapa jijini hutoa msaada wa kisheria bila malipo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria mnaowaona wamekaa mbele hapa. Mkitaka kudai fidia kwa Serikali, kumbukeni kwamba lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, na kwamba dai la madhara lina ukomo wa miaka mitatu. Kusubiri jibu la Tume hakusimamishi saa hiyo.

Najua kilichomo mioyoni mwenu, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kila mahali: nikilalamika, si watanirudia? Siwezi kuahidi kwamba hawatajaribu. Ninyi mnaishi mtaa mmoja na askari hawa, mnapita barabara wanazosimama, na mwenye bodaboda anaweza kukamatwa kila asubuhi kwa kosa la kofia. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, lakini karatasi hiyo haitasimama mlangoni kwako usiku. Ninachokiona kinasaidia ni wingi na uwazi. Malalamiko ya mtu mmoja yana uso mmoja wa kutishwa. Watu sita wa kijiwe kimoja waliokamatwa na kudaiwa fedha na askari walewale katika mwezi mmoja, wakiandika kila mmoja barua yake na kuzipeleka kwa pamoja kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, ni jambo jingine. Na vitisho vikija baada ya barua kupelekwa, hivyo navyo ni lalamiko jipya. Viandikwe usiku huohuo na vipelekwe kwenye jalada lilelile.

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, hapa nina neno nanyi. Mhuri wenu mnaupiga kila siku kwenye barua za kufungulia akaunti za benki na za dhamana. Anapokuja mwananchi na barua ya kumlalamikia askari, baadhi yenu mnasita, mnamwambia aende akayamalize na mkuu wa kituo. Mhuri wenu hausemi kwamba askari ana hatia. Unasema kwamba huyu ni mkazi wako na kwamba amekuja kwako tarehe fulani. Msiwanyime watu kitu kidogo namna hiyo.

Baada ya yote haya, bado nasema wazi kwamba tulichonacho hakitoshi. Tume inashughulikia malalamiko ya ardhi, ya mirathi, ya ajira, ya magereza na ya halmashauri, kisha ndiyo ije polisi, na mwisho wake ni kupendekeza. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2011 ya kuunda mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, inayoongozwa na raia, yenye wachunguzi wake, na inayopeleka majalada moja kwa moja kwa mkurugenzi wa mashtaka. Afrika Kusini wana idara yao tangu mwaka 2012, na sheria yao inamlazimu kiongozi wa polisi kuiarifu mara tu mtu anapofia mikononi mwa polisi au anapouawa kwa kitendo cha polisi, kisha kupeleka taarifa ya maandishi ndani ya saa 24. Huko polisi wenyewe ndio wenye wajibu wa kutoa taarifa, hata kama marehemu hana ndugu wa kumfuatilia. Hakuna nchi kati ya hizo ambako polisi wameacha kabisa kuwaumiza raia, na malalamiko ya kwamba majalada yanachelewa yako huko pia. Lakini mama wa Nairobi anajua ofisi moja yenye kazi hiyo tu, na askari wa Nairobi anajua pia kwamba ipo.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchini ikisikiliza wananchi na ikakabidhi taarifa yake kwa Rais mwezi Julai. Mabadiliko ya sheria hayaji kwa taarifa kukaa kabatini. Yanakuja mbunge anapoulizwa na wapiga kura wake, mkutano baada ya mkutano, ni lini muswada wa chombo huru cha malalamiko dhidi ya polisi utapelekwa bungeni, chenye wachunguzi wake, chenye fedha zake zisizopitia wizara inayosimamia polisi, na chenye uwezo wa kupeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka bila kupitia kwa polisi. Mbunge wenu atakapokuja, mwulizeni hilo kwa maneno hayohayo. Na ili swali hilo liwe na uzito, malalamiko yenu yawe yamekwisha kuandikwa, kwa kuwa watunga sera husema hakuna tatizo pale wanapokuta hakuna majalada.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Wasaidizi wa kisheria watabaki hapa na karatasi hadi saa nane mchana kuwasaidia wanaotaka kuandika. Aliyejeruhiwa ndani ya wiki hii aanze kuonana nao yeye kwanza, kabla ya wengine, ili aongozwe hospitali leo hii. Waliokuja na barua zilizoandikwa tayari wazisome tena kabla ya kuzikabidhi, na kuangalia kama zina tarehe, saa na jina la kituo.